Mafundo Manne ya Fundi Nora

"Mama Ritah, wewe unafua mashati ya mwanaume ambaye vifungo vyake vinashonwa na mwingine."

Hivyo ndivyo Juliet alivyoanza, bila hodi, mguu mmoja ndani ya ua na mwingine bado njiani, kama mtu aliyejitwika maji yanayomwagika. Candiru alikuwa ameinama juu ya beseni, mtoto mgongoni, povu mpaka kwenye viwiko. Hakuinuka. Kwa jirani kama Juliet mtu hainuki upesi. Humwacha kwanza apate pumzi.

"Mwingine nani?"

"Kule Oli. Fundi wa cherehani, yule wa kutoka Sudani, wanamwita Nora. Wiki mbili sasa. Jumatatu pikipiki ya Baba Ritah iko pale. Jana napita na mboga zangu, iko pale tena. Na yeye mwenyewe ndani, ameketi kwenye kigoda, helmeti magotini kama mutu amekuja kuposa. Huyo mama anaongea, anaongea, na mumeo anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wewe umewahi kusikia Ayiko akisema ndiyo mara tatu?"

Candiru hakuwahi. Ndiyo ya Ayiko ilikuwa moja, nayo alishaitumia siku ya harusi.

"Labda anashonewa," alisema.

"Anashonewa nini wiki mbili? Pazia la kanisa?" Juliet alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake na kuukata ule mcheko katikati. "Mimi sisemi kitu, dada. Mimi nasema nilichoona. Lakini lisemwalo lipo."

Candiru aliendelea kufikicha. Ndani yake, hata hivyo, kitu kilikuwa kimeshakaa chini na kuvuta mkeka. Kwa sababu yeye naye alikuwa ameona. Si pikipiki, vitu vidogo, vile ambavyo mama mwenye mtoto mchanga huviona maana hushinda nyumbani akiangalia. Aliona uzi mwekundu kwenye ukosi wa Ayiko. Aliona midomo yake ikicheza peke yake wakati anakaza mnyororo wa pikipiki. Zaidi ya yote, alisikia maneno mapya. Juzi majirani wawili waligombana juu ya mbuzi, huyu akisema aliingia shambani asubuhi, yule akisema mchana, na Ayiko, ambaye siku zote hupita magomvi kama anavyopita shimo barabarani, alisimama akauliza, "Kila mmoja wenu alikuwa amesimama wapi?" Watu walinyamaza. Hata mbuzi alinyamaza. Candiru alimtazama mumewe na kujua kwamba swali lile halikupikwa jikoni kwake.

Mtu anaweza kuvumilia mumewe kula kwingine. Lakini kurudi nyumbani na akili ya kwingine!

Alivuta koti la Ayiko, lile la kuendea safari, akaingiza mkono mifukoni kama kawaida yake kabla ya kuloweka. Kwenye mfuko wa kifuani vidole vyake viligusa kitu laini. Akakitoa. Kilikuwa kipande cha kitenge, kirefu kama mkono wa mtoto, chembamba kama utepe, rangi ya njano na maua ya buluu. Kitenge cha namna hiyo Candiru hakuwa nacho. Na kilikuwa na mafundo manne, moja baada ya jingine, yamekazwa kwa nguvu za mwanaume.

Juliet alishika kifua. "Yesu wangu."

"Ni nini?"

"Unaniuliza mimi? Nguo ya mwanamke, ndani ya mfuko wa mwanaume, juu ya moyo, imefungwa mara nne! Mama Ritah, hii si nguo, hii ni dawa. Hesabu. La kwanza miguu yake, ndiyo maana inakwenda Oli. La pili macho yake. La tatu masikio, si nimekuambia, huyo mama anaongea na yeye anatikisa kichwa? La nne…" Alimtazama mtoto mgongoni, akashusha sauti kana kwamba Ritah, mwenye meno mawili tu, angeelewa. "La nne unajua mwenyewe."

Candiru alikuwa msomi wa darasa la saba. Kanisani ndiye aliyesoma matangazo. Mambo ya dawa alikuwa akiyasikia na kuyapuuza. Lakini wivu hauendi shule. Aliketi juu ya jiwe la kufulia, akaanza kufungua.

La kwanza lilifunguka kwa kucha. La pili na la tatu alitumia meno, na akasikia kwenye ulimi ladha ya vumbi na mafuta ya mashine. La nne lilikuwa kubwa, fundo juu ya fundo, nalo lilimkatalia mpaka Juliet akachomoa pini iliyokuwa imeshika sketi yake na kumpa. Kitambaa kilipokuwa laini, wanawake wawili walitazamana. Hakukutokea kitu. Kuku aliendelea kupekua. Candiru alikikunja kipande kile na, koti lilipokauka, akakirudisha mfukoni mahali pale pale, ili Ayiko akipapasa mfuko asijue kwamba kimeguswa.

*

Kila Jumanne na Ijumaa Ayiko alipeleka mizigo ya wafanyabiashara Koboko. Ijumaa ile Candiru alipika kama mtu anayemngoja mgeni kutoka mbali: enyasa, ugali wa muhogo na ulezi, laini, bila bonge hata moja, na angara, wale samaki wadogo wakavu, kwenye mchuzi wa karanga. Alijifunga kitenge chake kizuri. Alimwosha Ritah. Mwanaume aliyefunguliwa miguu, macho na masikio, na kile cha nne, alistahili kukuta nyumba inang'aa.

Ayiko alirudi saa kumi, mapema kuliko kawaida. Hakuleta ndizi za mtoto. Aliegemeza pikipiki ukutani, akakaa juu ya jerikeni, akatazama matope ya viatu vyake.

"Umeugua?"

"Hapana."

"Pikipiki imeharibika?"

"Iko sawa."

"Basi kuna nini, Baba Ritah?"

Alikwangua matope ya kiatu kwa kijiti mpaka mchuzi ukaanza kuweka ngozi juu. Kisha akasema, taratibu, "Leo nimeitwa mwongo. Mbele ya steji nzima ya pikipiki kule Koboko."

"Na nani?"

"Na rafiki. Hilo ndilo linauma."

Akaingiza mkono kifuani, akatoa kile kipande cha kitenge, akakipitisha katikati ya vidole kutoka mwisho huu hadi ule, pole pole, kama kipofu anayetafuta mlango. "Mtu amefungua," alisema. "Kesho nitakwenda Oli, nimuulize Mama Laku, yule fundi, kama ni yeye."

Alisema Oli mbele ya mkewe kama mtu anayesema kisimani. Bila kujificha hata kidogo! Candiru alisubiri aone aibu usoni pake na hakuiona. Aliona huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kwa ajili yake Ayiko hakuwahi kuhuzunika hivyo. Alifunika chakula. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa makali, kwa hiyo alimpa mtoto ziwa.

Jumamosi asubuhi mteja alipiga simu, akataka kupelekwa Vurra. Ayiko alisema atapita Oli akirudi. Moshi wa pikipiki ulikuwa bado kwenye kona Candiru alipomfunga Ritah mgongoni. Kitambaa kilikuwa kimeachwa juu ya meza. Akakichukua, akakifinya ndani ya kiganja, akatoka kwao Awindiri kwa miguu. Njia nzima aliipanga hotuba yake, kwa Kilugbara, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo cha mwisho, cha kumalizia.

*

Kibaraza cha fundi Nora kilikuwa cha mabati, kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Cherehani ya miguu ilikuwa imewekwa mahali penye mwanga. Kwenye msumari kulining'inia kiredio kidogo cha sola, na ndani yake sauti ya mwanaume ilikuwa ikisoma habari za wafalme wa zamani.

Candiru alikuwa ameomba njiani kwamba mwanamke huyo awe mzee. Hakuwa mzee. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, shingo ndefu, pengo safi katikati ya meno ya mbele, na miwani minene iliyofungwa kwa lastiki nyuma ya kichwa. Miwani ile ilimchoma Candiru kuliko shingo. Ilikuwa miwani ya mtu aliyesoma sana.

Na juu ya meza, pembeni ya mkasi, kulikuwa na Biblia. Nyeusi, kona moja imeliwa na panya. Candiru aliijua kona ile. Ilikuwa Biblia yao ya harusi, ambayo Ayiko alisema ameisahau kanisani. Ndani ya jalada kulikuwa na majina yao mawili, kwa mwandiko wake yeye Candiru.

Hotuba ikapotea yote, lugha zote tatu. Alitupa kitambaa mezani.

"Hii ni ya nani?"

Fundi Nora aliacha kukanyaga. Alizima kiredio kwanza, kwa heshima, kama mtu anayemwomba mgeni mmoja anyamaze kwa ajili ya mwingine. Kisha alichukua kitambaa, akakisogeza karibu na miwani, akagusa kwa kidole mikunjo iliyobaki pale mafundo yalipokuwa.

"Ilikuwa nne," alisema. "Nani amefungua?"

"Mimi."

"Wewe ni Mama Ritah."

"Umejuaje?"

"Mtoto ana paji la Ayiko." Alisukuma kigoda kwa mguu. "Keti, dada. Umetoka mbali na mtoto mzito. Nipe huyo nikushikie, wewe funga kitenge chako vizuri."

Candiru hakukusudia kumtoa mtoto. Lakini Ritah alikuwa ameona miwani inang'aa, akanyoosha mikono yote miwili, akaenda kwa Nora akicheka, na mate yakidondoka. Hata wewe, Candiru alimwambia mwanawe moyoni. Hata wewe!

"Ulifikiri ni dawa," Nora alisema. Hakuuliza.

Candiru alifunga kitenge chake upya.

"Pole. Kosa iko langu. Mimi nilimpa kitambaa, sikufikiri mke wake anafua mifuko." Alicheka kidogo, pengo likaonekana, kisha akaacha. "Sikia. Koboko kwenye steji iko fundi wa simu, Taban. Unamjua?"

"Nasikia jina."

"Alikulia misheni, kanisa aliacha. Ndani ya simu yake iko orodha: hapa Biblia inasema hivi, pale inasema vingine. Kila mume wako akifika, anamtupia moja. 'Haya, mchungaji wa pikipiki, jibu!' Watu wanacheka. Ayiko hakuwa na jibu, na hakutaka kukimbia. Siku moja analeta suruali hapa, magoti imechanika. Kiredio changu inasoma Biblia. Yeye anasimama, anasikiliza, ananiuliza kaburini kwa Yesu kulikuwa malaika mmoja au wawili, kwa sababu huyu ameandika mmoja na yule wawili. Ndiyo mwanzo."

"Na mafundo?"

"Sababu ya kusahau. Anafika hapa, maswali imechanganyika njiani. Nikakata kitambaa. Nikamwambia, Taban akiuliza, funga mbele ya macho yake. Ukijibu, usifungue wewe. Afungue yeye Taban, akikubali. Hivyo hakuna mtu anamdanganya mwenzake. Taban alipenda sana. Alisema hiyo ni mahakama ya haki."

 Sasa Candiru aliuona mchana wa jana wote: Ayiko mbele ya steji, anatoa kitambaa kwa majivuno, na kitambaa ni laini kama kilivyotoka dukani. Taban anacheka, halafu hacheki tena. Umefungua mwenyewe njiani, anasema. Mwongo. Na meno yaliyofungua yalikuwa haya yake, ambayo sasa yaliuuma mdomo wake.

Lakini wivu haufi kwa siku moja. "Kwa nini akuulize wewe?" alisema. "Nyumbani mimi najua kusoma. Wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Mimi? Mimi sijui soma."

"Na hiyo miwani?"

"Ya kutia uzi kwenye sindano."

Nora aliyasema hayo huku akimpa Ritah kibonge cha uzi acheze nacho. Akaeleza, bila kujipamba, kama mtu anayepima kitambaa. Baba yake alikuwa katekista kijiji kimoja cha upande wa Yei. Kaka zake walikwenda shule, yeye alishika jembe nyuma ya baba. Baba alilima huku akisema maneno ya Biblia kwa sauti, mstari wa mahindi na mstari wa neno, na aliyeshindwa kurudia alirudi mwanzo wa mstari. "Mimi nimelima Injili nne," alisema. "Luka ndiyo ndefu. Mgongo unajua." Kisha vita. Wakavuka mpaka pale Kaya, yeye na dada yake Betty na mtoto wake Laku, wakatokea upande wa Koboko, baadaye kambini, huko akajifunza cherehani. Laku sasa alikuwa darasa la sita, kule Mvara.

"Siku ya kuvuka," alisema, "mimi nasema askari mmoja alitusaidia. Betty anasema wawili. Kila Krismasi tunagombana. Mimi namkumbuka yule mmoja, alimbeba Laku, nilikuwa natazama mgongo wake tu nisimpoteze mtoto. Betty alikuwa nyuma na vyombo, akaona wote wawili. Haya niambie, nani mwongo?"

"Hakuna."

"Ndiyo nilimwambia Ayiko. Kwanza uliza mutu alisimama wapi."

Swali lile. Candiru alilisikia linatoka kwa mwenyewe, na likamuuma, na likamfaa, yote kwa pamoja.

"La pili lilikuwa Yuda," Nora aliendelea, sauti ikiwa chini. "Huyu anaandika alijinyonga. Yule anaandika alianguka, akapasuka. Taban alicheka sana hapo. Mimi sikucheka. Mume wangu, mutu mmoja aliniambia alipigwa risasi barabarani. Mwingine akaniambia hapana, alikufa maji. Mwaka mzima nilichukia wote wawili. Nilisema mmoja ananidanganya juu ya marehemu wangu. Halafu akaja wa tatu, alikuwa naye. Akasema alipigwa barabarani, akakimbia, akafika mtoni na damu, mto ukamchukua." Alimfuta Ritah mate kwa pembe ya kitenge chake. "Tangu siku hiyo siogopi maneno mawili. Nangoja wa tatu. Pengine hafiki. Lakini simwiti mutu mwongo kabla hajafika."

Mtoni kulikuwa na watu wanapiga nguo kwenye mawe. Candiru alitaka kusema pole, na akasema, lakini ilitoka ndogo.

"La tatu ni jepesi," Nora akasema, akijichangamsha. "Mtume anasema tubebeane mizigo, halafu chini kidogo anasema kila mtu atabeba mzigo wake. Taban anasema tazama, ukurasa mmoja, hata wino haujakauka! Wewe ukitoka sokoni na gunia la muhogo, unajitwika peke yako?"

"Nani anaweza? Naita mtu anitwishe."

"Akishakutwisha, nani anatembea nalo mpaka Awindiri?"

Candiru alicheka kabla hajakumbuka kwamba hakutaka kucheka mahali hapa. Mara akaelewa kitu kingine, na kicheko kikamgeuka. "Majibu haya mazuri hivi," alisema, "kwa nini hakunipa mimi hata moja? Nisingekuwa mtu wa mwisho Arua nzima kuyasikia."

Nora aligeukia cherehani. Alikagua mshono ambao haukuwa na kasoro.

"Alisema mke wake anajua kusoma kama redio. Alisema siku moja kanisani yeye alipewa asome, akafika kwenye jina la mfalme, refu kama treni, akalianza mara nne. Na mke wake akacheka. Halafu benchi yote ikacheka."

Nebukadreza. Candiru aliikumbuka Jumapili ile. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Alifikiri hakuna aliyeona. Ayiko aliishia darasa la tatu. Alikuwa amefunga ndoa na mwanamke wa darasa la saba na kujivunia hilo kwa kila abiria. Kumbe tangu siku ile alikuwa akiibeba Biblia ya harusi mpaka Oli, akaisome kwa mwanamke asiyejua herufi, kwa sababu huyo hakuweza kujua amekosea wapi.

"Hapa anasoma," Nora alisema, "mstari mmoja, robo saa. Mimi nakanyaga cherehani, namngoja. Anafika."

Uchungu uliomshika Candiru ulikuwa wivu bado. Lakini ulikuwa umebadilisha upande wa kulala. Si kwamba mwanamke huyu alikuwa na shingo. Ni kwamba alikuwa na robo saa, na Candiru, mwenye siku nzima, hakumpa mumewe hata dakika.

"Na la nne?" aliuliza, ili asilie. "Lilinipa taabu. Nililifungua kwa pini."

"Hilo hata mimi limenishinda. Ayiko alilikaza mara mbili. Taban anasema: Mungu anajiita mwenye wivu. Mahali pengine wanasema Mungu ni upendo. Na mahali pengine, upendo hauna wivu. Basi, anasema, mojawapo ya hizo tatu iondoke. Mimi najua maneno yote matatu, baba alinilimisha. Lakini baba alinipa mstari, hakunipa juu yake na chini yake. Sijui nani alikuwa anaambiwa."

Candiru aliivuta Biblia. Mikono yake ilijua njia. Alisoma mahali pa kwanza, kimya, kidole kikitambaa; kisha akaenda mbali mbele, kwa Wakorintho, akarudi nyuma sura nzima, akasoma tena. Nora hakumharakisha. Ritah alikuwa amemlalia begani, kibonge cha uzi mkononi.

"Hawa wa kwanza," Candiru alisema hatimaye, "wametolewa utumwani jana tu. Ameshawachukua ni wake. Anawaambia msinigeukie mkaenda kwa wengine, nitaumia. Hawa wa pili ni watu wa kanisa. Tazama huku juu: wanapimana. Huyu ana karama kubwa, yule ananena zaidi, mwingine anaona hana kitu. Hao ndio wanaambiwa upendo hauna wivu. Si mtu anayelinda nyumba yake. Ni mtu anayetamani…"

Alisita. Macho yake yalikuwa kwenye ile miwani.

"Anayetamani nini?" Nora aliuliza polepole.

"Kichwa cha mwenzake," Candiru akasema. "Mimi nilikuja hapa na wivu wa aina zote mbili, Mama Laku. Mmoja siuombei msamaha. Ule mwingine nauombea."

Nora alikitazama kitambaa. Alifunga fundo moja kubwa, akalikaza, kisha akalilegeza kidogo kwa kucha, likabaki limekaa nusu. "Nusu," alisema. "Bado nauliza kwa nini Mungu aumie kama sisi. Hiyo tumngoje wa tatu. Lakini hii nusu inatosha kwenda nayo Koboko." Akafunga na mengine matatu, kwa mpangilio wake, akamkabidhi.

"Taban atasema ni udanganyifu mwingine," Candiru alisema. "Itabidi nimwambie Baba Ritah kwamba ni mimi. Na yeye akamwambie Taban. Steji nzima itanicheka."

"Itacheka."

"Itacheka sana."

"Kicheko cha Koboko hakivuki Maracha kuja huku Arua," Nora akasema, na pengo likaonekana tena.

Huko juu barabarani injini ilipunguza moto. Wote wawili waliijua sauti ile, na kwa mara ya kwanza Candiru hakujali kwamba mwingine naye anaijua. Alijali kidogo tu. Pikipiki ilianza kushuka mteremko, ikikwepa matope. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Kitambaa kilikuwa mkono wa kushoto, Biblia wa kulia, imefunguliwa pale pale kwa Wakorintho, naye alikuwa ameshavuta pumzi ya kusoma kwa sauti yake ya matangazo mara tu Ayiko atakapoingia.

Nora aliinuka na mtoto begani, akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Mama Ritah, naomba kitu kimoja tu. Kitabu mpe yeye asome. Na akijikwaa, usicheke."